Presha Nzuri ya Ozeline Guillory

Pale mjini Lake Charles, ukiketi meza moja na Ozeline Guillory ungeijua presha ya macho yake kabla supu haijafika. Kumi na sita. Aliitaja kama wengine wanavyomtaja mtoto aliyesomea udaktari. Ya mdogo wake, Verdie, ilikuwa ishirini na sita, na kwa miaka Verdie alitia matone makali huku dada mtu akimhurumia kwa sauti ya kusikika kanisa zima.

"Ni vinyongo, Verdie. Unaviweka moyoni, vinapanda machoni."

"Labda, dada. Nipitishie wali."

Wakati huohuo, yule mwenye macho ya kupigiwa mfano aligonga sanduku la barua la jirani kwa gari, akalilaumu sanduku. Mlango wa kabati ukampiga kipajini. Kabati nalo likasemwa. Alipompita mke wa mchungaji kwa mkono wa kushoto bila hata kumsalimu, Verdie alimpeleka kwa daktari mpya, Bi Tran.

Presha ilikuwa kumi na sita. Ozeline akatabasamu kwa unyenyekevu uliomgharimu sana. Kisha daktari akagusisha jichoni kijiti chembamba cha kupimia konea, ile ngozi angavu ya mbele, akaisoma namba mara mbili.

"Mama, konea yako ni nyembamba. Kifaa cha presha hulibonyeza jicho kwa nje. Ngozi nyembamba hubonyea upesi, kwa hiyo kinatupa namba ndogo kuliko presha yenyewe. Una glakoma, ugonjwa wa presha ya macho, na mshipa wa fahamu wa jicho umeshaharibika. Pembeni huoni."

"Lakini ni kumi na sita."

"Kwako wewe, hiyo si nzuri."

Verdie naye akapimwa. Konea yake ilikuwa nene, namba ikapanda bure. Mshipa ulikuwa mzima. Daktari akamwambia aache matone, aje tu kuangaliwa. Verdie hakucheka. Alijikaza mpaka mabega yakatikisika.

Kilichopotea machoni mwa Ozeline hakikurudi, ila matone aliyopewa yalizuia kilichobaki kisipotee. Kwa juma zima Ozeline hakuzungumza na mtu, jambo ambalo mtaa ulilipokea kwa shukrani. Kisha akamkabidhi Verdie ufunguo wa gari, akapanda kando yake, akaanza kumfundisha kuendesha.

"Punguza mwendo. Kuna mtu kushoto."

"Ni mti, dada."

"Hata kama. Punguza."

Verdie akapunguza.