Mwandiko wa Nthenya

Watu wengi Kawangware waliujua mwandiko wa Nthenya kabla ya kumjua mwenyewe. Aliishi mtaa wa Laini Saba, lakini vibao vya maduka alivyopaka rangi vilijaa Kawangware, na kadi zake za harusi zilisomwa hadi Dagoretti. Herufi ziliinama kidogo, zikashikana, na mkia wa y ukapita chini ya jina zima.

Mwanzoni mwa 1986, mwalimu mmoja aitwaye Nashon alimjia na ombi geni. Alitaka herufi zote, kubwa na ndogo, kila moja peke yake, kwa wino mweusi.

"Za nini, mwalimu?"

"Kuna fundi atazichonga ziwe chapa. Kadi mia kwa siku, na mkono wako upumzike."

Nthenya alicheka, akaandika. Herufi m aliirudia mara saba mpaka ikamridhisha.

Machi, karatasi zikaanza kuokotwa milangoni na kwenye viti vya kanisa. Zilisema serikali imeoza na iondoke. Gichuru, mwenye bucha Kawangware, alimwonyesha moja.

"Nthenya, umefanya nini?"

Aliutambua mwandiko wake mara moja. Maneno hayakuwa yake.

Kesho yake kibao cha bucha, alichokiandika yeye, kilikuwa kimepakwa chokaa. Wiki hiyo vingine vikafuata. Nashon hakuonekana tena shuleni.

Jumanne asubuhi, Nthenya akianika nguo, wanaume wawili wenye suti walimwita kwa jina lake kamili. Walimpeleka kwenye chumba kisicho na dirisha, wakamwekea kalamu na ile karatasi.

"Nakili."

Alinakili. Yule mzee kati yao akalinganisha, akainamisha kichwa kukubali. "Ni wewe."

"Tazama vizuri, mzee," Nthenya alisema. "Hapo kuna m kumi na moja, na zote zinafanana kabisa, hata pale wino ulipovimba. Mimi nikiandika m mbili, hazifanani. Hiyo ni chapa."

Mzee aliinama, akazihesabu kwa ncha ya kidole. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa imelainika, na ulaini huo ukamtia Nthenya baridi.

"Sawa, mama. Basi ni nani aliyekuomba herufi?"

Hapo ndipo alipoona alikojiingiza. Nashon alikuwa na watoto wawili wadogo. Kadi zao za ubatizo aliziandika yeye.

"Mtu tu. Sikumuuliza jina."

Walimuuliza siku kumi na tatu. Jibu halikubadilika.

Alipoachiliwa, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki. Akaanza kuuza mboga za sukuma wiki kando ya reli. Nashon hakupatikana, lakini karatasi ziliendelea kutoka mwaka mzima, kwa mwandiko ule ule mzuri, na kila moja ilipookotwa, majirani waliwaita watoto wao waondoke mbele ya meza ya Nthenya.