Likisemwa Wazi, Ni Chambo

Fundi sofa huyu hakuwa mtu wa kutulia. Hata akikaa, mguu wake mmoja ulikuwa unatikisika kama wa mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Miaka yote ya kufumua makochi ya watu ilikuwa imemfundisha jambo moja, kwamba kitambaa ni uongo na ukweli uko chini yake. Huko chini alishakuta hereni, meno ya bandia, hata picha ya harusi iliyokatwa nusu. Basi alipoangukia ule mfululizo wa vitabu vinene vya falme na mazimwi, sita vimetoka na cha saba mwandishi anakipiga danadana mpaka leo, akavifumua vilevile.

Malkia wa vitabu hivyo alizama mtoni katika kitabu cha pili. Mwandishi kasema kazama, maiti imeonekana, watu wamelia na wamezika. Fundi akakataa katakata. Mbona mpishi wa jumba la mfalme anamenya viazi kwa mkono wa kushoto, na malkia naye alikuwa wa kushoto? Mbona yule mbwa anayebwekea kila mtu hambwekei mpishi? Aliyaandika hayo kwenye kundi la simu la wasomaji waliojiita Wafukunyuzi, na kundi zima likachachamaa. Tangu siku hiyo wakamwita Mfukunyuzi Mkuu, na kanuni yake ikawa sheria: likisemwa wazi, ni chambo. Ungemsikia anavyoisema ungemwonea huruma, na ungetamani kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

Mashaka yake nyumbani yalianza na ufunguo. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na asubuhi moja fundi akaona kwenye funguo za mkewe kuna mmoja mpya, wenye kichwa cha plastiki ya buluu. Hakuuliza. Baadaye akaona viatu vyake vya kutokea havipo mlangoni, na sanduku lililokaa juu ya kabati siku zote limeshuka liko chini ya kitanda. Hakuuliza pia. Lakini kilichomkosesha raha kabisa ni kwamba mwalimu alikuwa ameacha kugomba. Mwanamke aliyekuwa akimsema kila jioni kwa chembe za sponji anazoleta kitandani, sasa anazipangusa kimya kimya na kulala. Dalili ya mvua ni mawingu, na haya yalikuwa mawingu mazito.

Asubuhi alikuwa na hakika kwamba kuna mwanamume. Mchana ikawa ni ugonjwa, mke anamficha ili asimtie hofu. Kufika jioni mwanamume amerudi kichwani mwake. Chakula hakipandi, kazini akapigilia kitambaa cha mteja ndani nje, akakibandua na kukipigilia tena vilevile.

Dada wa mkewe alipopita karakana kuchukua stuli yake, fundi akaona hapo ndipo pa kupenyeza.

"Shemeji, mdogo wako ana nini siku hizi?"

"Kwani hajakwambia?"

"Aniambie nini?"

Shemeji akaiweka stuli chini, akamtazama juu mpaka chini. "Makubwa haya! Mimi simo. Kamuulize mwenyewe, kuuliza si ujinga."

Mtu mwingine angefunga karakana na kwenda kuuliza. Fundi yeye alibaki na mkasi mkononi akijiuliza kwa nini shemeji amesema "mimi simo", na kujiambia kwamba asiye na lake hana haja ya kujitoa.

Akaona hili ni zito kwa kichwa kimoja, akawapelekea Wafukunyuzi, ila kwa kulivika nguo. Aliandika: tuseme katika kitabu cha saba kuna mke wa mhunzi. Ana ufunguo mpya, viatu vyake havionekani, na ameacha kumgombeza mumewe. Ina maana gani? Majibu yakamiminika. Mmoja alisema mke huyo ni jasusi wa upande wa pili. Mwingine akasema ni mjamzito na mtoto ndiye mrithi wa kiti cha enzi. Wa tatu akaapa kwamba anakufa, kwa sababu wake wa wahunzi wote hufa. Mwisho akaingia mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaandika: "Mhunzi amemuuliza mkewe?"

"Wahusika hawaulizani," fundi akamjibu. "Wangeulizana kitabu kingeisha."

Alhamisi mchana akarudi nyumbani mapema. Sebuleni kulikuwa na kiti cha mwalimu, kiti cha peke yake, ambacho fundi alimtengenezea walipooana, kitambaa cha kijani na mikono mipana ya kuwekea daftari za watoto. Akakipapasa chini, akahisi kitu kigumu. Akachomoa pini, akavua kitambaa, akang'oa sponji, akakata mikanda inayobeba sponji mpaka kiti kikabaki mbao tupu. Kile kitu kigumu kilikuwa ncha ya msumari aliyoipinda vibaya yeye mwenyewe siku alipokitengeneza.

Alikuwa bado kapiga magoti, sponji kifuani, mkewe akaingia.

"Unatafuta nini?"

Fundi akafungua mdomo. Maneno yakatoka yote kwa mara moja, ufunguo, viatu, sanduku, shemeji. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama, mkoba bado begani.

"Si nilikwambia?" alisema.

"Lini?"

"Mezani. Nikakwambia nimepata ualimu mkuu, shule ni mbali, naanza Jumatatu. Nikakwambia kuna chumba nimeonyeshwa. Siku ya pili nikakwambia tena, nikakuuliza tutakwenda wote au vipi. Ulikuwa na simu. Ukasema, 'Nenda tu.'"

Fundi alikumbuka. Si maneno ya mkewe, hayo hayakuwamo kichwani hata chembe. Alikumbuka siku yenyewe, kwa sababu ndiyo siku mtu kundini alipogundua kwamba mpishi ana kovu kidoleni. Alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Sikumaanisha hivyo," alisema.

"Ulimaanisha nini?"

Akatafuta. Hakukuwa na kitu chini yake.

Mwalimu akatua mkoba na kuinama, akaokota kipande cha kitambaa cha kijani, akakikunja mara mbili. "Jumamosi gari linakuja kuchukua vitu," alisema. "Hiki kiti ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitaka humu ndani."

Fundi akaenda kuleta mkanda mpya na nyundo. Alipigilia bila kuinua uso. Mkewe alikuwa ameketi kwenye sakafu, amejiegemeza ukutani, anatazama.

"Nikikileta mwenyewe," fundi akauliza, "utanifungulia?"

"Sijui."

"Hujui kwa sababu..."

"Sijui, Fundi. Ndivyo nilivyosema."

Muda mrefu mkewe alikuwa hajamwita Fundi. Jina lilimkaa masikioni likimwasha, alitamani kuligeuza, kulifumua, kuangalia lina nini. Akabana misumari kati ya midomo, mguu unatikisika, akavuta mkanda mpaka ukakaza.