Tatu wa geti la chuma chakavu

Leo asubuhi nimempigia Tatu simu. Imeita mpaka ikakata, ndipo nikakumbuka kwamba juzi nilikuwa Mkuyuni, kwenye mazishi yake.

Jamani, akili yangu imegoma kabisa.

Kwa msiomjua, Tatu alikuwa mkaguzi wa skrepa kwenye kiwanda tunachofanyia kazi, hapa Morogoro mjini. Kila lori lililoleta chuma chakavu cha kuyeyusha lilipita kwake kwanza. Mimi niko maabara, napima chuma kikishayeyuka.

Siku yangu ya kwanza kazini alinishika mkono, akanipeleka kwenye lundo na kunionyesha mota ya feni iliyojaa nyaya. "Devo, ona. Hii ina shaba. Shaba ikishaingia tanuruni haitoki tena. Nondo zinapasuka, na watu wanazijengea nyumba!"

Mkobani mwake kulikuwa na sumaku, kanga na karanga. Kila siku.

Alikuwa anagusisha kipande cha chuma kwenye grainda, anaangalia cheche zinavyoruka, anasema, "Hiki kaboni imezidi, weka kando." Nilikuwa nakichukua kimyakimya naenda kukipima kwenye mashine. Sikuwahi kumkuta amekosea. Aisee!

Madereva walimgwaya. Kuna dereva mmoja mzee, Tatu alimpokea kwa heshima zote, "Shikamoo baba, pole na safari," halafu akamrudisha na mzigo mzima kwa sababu ya mitungi miwili ya gesi.

Tulipanga nyumba moja Mafiga, vyumba vinatazamana. Mimi Mkatoliki wa Mgeta, yeye Mwislamu wa Mkuyuni. Mwezi wa Ramadhani alinilisha futari mpaka nikanenepa. Nikitoka kwetu likizo, kabla hata ya salamu, "Njegere zangu ziko wapi?"

Sasa niseme kilichonileta hapa.

Jumanne asubuhi lilikuja lori la marobota. Hicho ni chuma kilichobanwa kwa mashine mpaka huoni kilichomo katikati. Tatu akakataa kulipitisha. Alitaka marobota yafunguliwe moja moja. Tanuru lilikuwa linasubiri mzigo, na bosi wa zamu alikuwa na haraka.

Bosi hakubishana naye. Alikuja maabara, akaniuliza, "Devota, mizigo iliyopita ya huyu jamaa wa marobota ilikuwaje?"

Nikafungua faili. "Vipimo vyake vizuri, bosi. Kaboni sawa, shaba iko chini."

Ilikuwa kweli. Lakini mashine yangu inapima chuma kilichokwisha kuyeyuka. Haioni kitu kilichofichika ndani ya robota. Nilijua hilo, Tatu mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na sikulisema.

Bosi akaondoka na jibu langu. Marobota yakaanza kupandishwa tanuruni kwa kreni.

Tatu hakutulia. Akawaomba wapakuaji wamfungulie robota moja lililobaki chini. Katikati wakakuta shokapu za lori, nzima, zimezibwa pande zote, mafuta yamo ndani. Kitu kama hicho kikiingia kwenye moto ule kinalipuka.

Akapiga simu ya kule juu kwenye tanuru. Kule ni kelele tupu, hakuna aliyesikia. Akakimbia.

Nilimwona kupitia dirisha la maabara, anapanda ngazi mbilimbili na kofia yake ya njano. Nikajua anaenda kugombana na bosi. Nikacheka, nikasema huyu naye hachoki! Mungu anisamehe kwa kicheko kile.

Wayeyushaji wawili waliokuwa pale wanasema aliwafokea, "Tokeni! Tokeni hapo!" Wakarudi nyuma. Yeye akapitiliza, anampungia mikono mwendesha kreni asiliachie robota.

Lilikuwa limeshaachiwa.

Wale wawili wako hai. Walikuja msibani, wakakaa uani, chakula hawakukigusa.

Mama yake alinishika mikono yote miwili. Hata shikamoo haikunitoka vizuri. Akaniuliza, "Mwanangu, Tatu aliniambia kazi yake iko getini. Kule kwenye moto alifuata nini?"

Nikamwambia sijui.

Nilimdanganya mama ambaye hata uso wa mwanawe walimzuia kuuona. Nimeandika haya kwa sababu pale nilishindwa kuyatamka. Sioni yanasaidia nini.

Tafadhali msiniandikie kwamba si kosa langu. Nimeshaambiwa na watu wengi, na wote hawakuwepo maabara siku ile.

Jana nimerudi kazini. Getini wameweka mtu wa kuandika namba za magari tu. Malori yanapita. Marobota hayafunguliwi. Bosi wa zamu ni yuleyule, na aliponisalimia niliitikia. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu Mkuyuni. Hayakutoka, na najijua, hayatatoka.

Mchana wakaniletea sampuli ya chuma kilichobaki tanuruni siku ile. Nikaipima. Kaboni sawa. Shaba iko chini. Wakataka ripoti ili kazi iendelee.

Nikasaini.

Tatu, uliwaita watu watoke, wakatoka, na wewe hakukuwa na wa kukuita. Nilikuwa dirishani. Lala shoga yangu, huko usiamshwe na kelele zetu. Huku hakuna kilichobadilika.