Baiskeli Iliyolia Ikipakia Mtu

Nisameheni mwandiko wangu mbaya na herufi nilizokosea. Niliishia shule ya msingi, na ninaandika polepole. Kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi.

Ninabeba abiria kwa baiskeli kati ya Gitambi na njia ya Ruhwa. Baiskeli hiyo niliinunua kwa mjane wa seremala. Nikiiendesha peke yangu ilikuwa kimya. Abiria akikaa nyuma, ilianza: ngwee, ngwee, kila mguu wangu wa kulia ukikanyaga. Ilikuwa sauti nyembamba, kama ya mtu anayelia mdomo umefungwa.

Marehemu seremala alikuwa akisafirisha majeneza kwa baiskeli hiyo. Wenzangu walijua. Mimi nilipoinunua sikuuliza.

"Kinga yako inalia kama muntu," walinitania, maana huku baiskeli huitwa kinga. "Weye, unabeba bangapi huko nyuma?"

Walicheka, lakini hakuna aliyekubali kuigusa. Adhuhuri moja, katikati ya mashamba ya mpunga, pasipo mtu mwingine, mama niliyempakia aliteremka akaenda kwa miguu bila kugeuka. Mzee wa kituo chetu cha baiskeli akaniita.

"Kijana, bantu banaogopa. Siku ya soko ikifika kinga ingali inalia, usiipaki hapa tena."

Sina kazi nyingine.

Nikafanya tunavyofanya wote huku: nikamwaga mawese kwenye ekseli ya pedali. Mawese yakashika vumbi, na sauti ikawa nzito, ya kiume. Nikakaza kiti, nikabadilisha pedali, nikapaka mnyororo mafuta. Wapi! Nikiipindua na kuzungusha pedali kwa mkono, kimya kabisa.

Ndipo nikaelewa kwamba inataka uzito. Nilihitaji mtu akandamize pedali, mimi nisikilize. Haya ilinizuia siku mbili. Siku ya tatu nilimwomba Maman mmoja anayevusha mpakani vitenge kutoka Bukavu.

"Papa, mimi nimevuka na bintu bya kuogopesha kuliko kinga," alisema. "Nikanyage wapi?"

Niliegemeza gurudumu la mbele kwenye jiwe. Akakandamiza pedali ya kulia, nami nikainamisha sikio. Ngwee. Nikahisi kwa kidole mkono wa pedali ukicheza kwenye ekseli.

"Tena, Maman."

Ngwee.

"Eh! Huyu analia wapi?" aliuliza akicheka.

"Hapa, kwenye klaveti."

Klaveti ni kipande cha chuma kinachoufunga mkono wa pedali kwenye ekseli. Niliigonga ikatoka. Ilikuwa imelika, na mtu alikuwa ameizungushia kitu ili isicheze. Sisi hutumia bati la kopo. Hiki kilikuwa kitambaa cheupe, laini, kile kinachotandikwa ndani ya jeneza. Maman alikigusa, akaacha kucheka. Alifuta mikono yake kwa muda mrefu, akaondoka bila kuniaga.

Nilipiga klaveti mpya, nikasafisha gololi, nikatia grisi. Siku ya soko mzee wa kituo alipanda nyuma yangu mpaka darajani na kurudi. Hakukusikika kitu.

"Paki," akasema.

Abiria wamerudi. Lakini kitambaa ninacho bado. Hakikukatwa kwa mkasi, kilichanwa, na sijui kama kilichanwa kabla ya kutandikwa au baadaye, maiti akiwa ndani. Mjane sithubutu kumwuliza. Ninyi mnaosoma haya, kama mnajua kitambaa hiki nikipeleke wapi, niandikieni tafadhali. Kusoma ninaweza, ijapokuwa polepole.