Mume Wangu Alipokwenda kwa Somo

Vidonge vile viliniokoa, na sitaki mtu avitukane mbele yangu. Nilipojifungua binti yetu nilizama kwenye sonona hadi nikawa namtazama mtoto akilia na sioni kilio chake kinanihusu nini. Nikavimeza. Usingizi ukarudi, chakula kikapanda, siku moja nikajikuta nacheka na jirani bombani mpaka ndoo ikafurika. Leo binti yangu ana mama, na kwa hilo nitashukuru mpaka naingia kaburini.

Ila havikuondoka mikono mitupu. Tangu nilipoanza kuvitumia, mwili wangu ulikufa ganzi pale ambapo mke anatakiwa kuwa hai. Nikajipa moyo kwamba nikimaliza dawa mambo yatakaa sawa. Daktari akanipunguzia kidogo kidogo hadi nikaacha, na ganzi ikabaki. Mume wangu akinishika ilikuwa kama ananishika juu ya blanketi. Mapenzi yalikuwepo, tena tele. Mwili ndio haukuwa na habari.

Sasa, mimi nimefundwa. Somo yangu, mama mmoja wa hapa hapa Mbagala mwenye ulimi mkali, ndiye aliyeniweka ndani kabla ya harusi akanifunza shanga, udi, na sauti za kutoa kitandani ili mwanamume ajione dume. Kwa hiyo kuigiza nilikujua, na niliigiza hasa. Tatizo ni kwamba nilimwigizia mume ambaye ni fundi wa makochi wa Keko, mtu anayejua kwa kuigonga tu kama mbao imeoza ndani.

Ijumaa moja somo akanipigia simu. "Mumeo kaja kwangu. Njoo."

Kwetu, mume mwenye malalamiko ya chumbani hampelekei mama mkwe. Anayapeleka kwa somo, aliyemfunda mkewe, naye humwita mwari wake na kumkalisha chini. Nikajua nimeshtakiwa. Na mtaani kwetu mke asiyemtaka mumewe ana maelezo mawili tu: ana bwana nje, au ana jini mahaba. Nilijifunga khanga zangu nikaenda, uongo nimeshaupanga njiani.

Nilimkuta mkekani anachambua mchele, chetezo kiko kando yake. Nikajua nitafukizwa.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Kaa. Una jini?"

"Sina."

"Una bwana?"

"Sina."

"Haya, sema."

Uongo wangu ukanikimbia. Nikamweleza vidonge, nikamweleza ganzi. Nikamweleza nilivyorudi kwa daktari, binti mdogo kuliko mimi, akaniambia hali hiyo inajulikana, kwamba kuna watu hubaki nayo hata baada ya kuacha dawa, kwamba tiba ya uhakika hana, na kwamba si mambo ya kujitungia kichwani. Nilimpenda daktari yule kwa kutonidanganya. Hapo nikaanza kulia.

Somo akaweka ungo chini. "Na zile sauti zote ni mafunzo yangu?"

"Zote."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Unajua mumeo kaja kusema nini?"

"Kunishtaki."

"Angekuja kukushtaki ningemsikiliza, ndo kazi yangu. Kakaa hapo ulipokaa wewe, kainamisha kichwa, kasema, 'Mama, mke wangu ananifurahisha mie, lakini mwenyewe hayupo. Nyie mlimfunda yeye. Mie sijafundwa na mtu. Nifundeni.'"

Nilikuwa nimekwenda pale kujitetea dhidi ya mtu aliyekuwa upande wangu.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia asubiri. Sasa nenda ukamfunde mwenyewe."

Sitasema ganzi imeondoka. Ipo hadi leo, na zipo siku naionea hasira, naona nimedhulumiwa. Kisha namsikia mwanangu akiimba uani na hasira inapungua. Sina hakika ningepewa kuchagua upya ningechagua vingine.

Jumapili iliyofuata mtoto alikuwa kwa bibi yake na mvua ilikuwa inapiga bati. Nilimweleza mume wangu kila kitu, sikuficha hata ile sehemu ya kuigiza. Alinisikiliza akiokota vumbi la mbao kwenye nywele za mkono wake. Alipouliza, aliuliza moja tu.

"Nikikukuna mgongo, unasikia?"

"Nasikia."

"Basi tuanzie hapo."

Akanikuna mgongo, polepole, na kwa kweli kulikuwa kutamu. Kutoka hapo tukaendelea mpaka mwisho. Sikutoa sauti hata moja kati ya zile nilizofunzwa. Nilinyamaza nikiwa nimemshika, nikisikia uzito wake na joto lake, na mvua. Alipolala chali pembeni yangu nikaingiwa na woga kwamba nimemvunja moyo, nikaanza kumwomba radhi.

Akanizuia. "Leo ndo nimelala na mke wangu," akasema.