Gari Lisilozimwa Ukweni

Niliaibika ukweni kwa mwanangu mbele ya wazee, wapishi na mchungaji, na walioniponza nawataja hapa hapa: fundi wa magari Masanja wa Mirongo hapa Mwanza, shemeji yangu Kulwa, na mimi mwenyewe (mwisho kabisa).

Gari langu la zamani lilikuwa linamisi, yaani injini inatetemeka kama mtu mwenye malaria, ukikanyaga mafuta inasita, halafu bomba la moshi linapiga mshindo. Masanja alibadilisha plagi, likaendelea, akabadilisha chujio la mafuta, likaendelea, akasafisha kabureta, na kila mara anainamisha sikio kama daktari na kusema limepona. Mwisho akakiri hajui, nimwachie kutwa nzima achomoe nyaya za plagi mmoja mmoja aone upi umekufa. Lakini kesho yake tulikuwa tunapeleka mahari ya mwanangu Elias, Sengerema. Kulwa (ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli) akasema baba wa bwana harusi hafiki ukweni kwa pikipiki, twende nalo tu, cha msingi lisizimwe maana likizima haliwaki. Nikakubali. Uamuzi wenyewe ndio huo.

Tukavuka daraja la Busisi tunakohoa, tukafika. Ng'ombe wetu walishaletwa na ndugu yangu, wamesimama getini. Kwa watu wale wajomba wa binti huwakagua ng'ombe mmoja mmoja, na mpaka baba yake atamke kwamba wamepokelewa, bado ni wako. Na binti mwenyewe anakaa ndani na mashangazi, haonekani mpaka aitwe.

Mjomba mmoja akauliza kwa upole mbona gari linanguruma bure. Kulwa akajibu kwamba tumeacha kiyoyozi kikiwaka kwa ajili ya wazee, ilhali vioo vyote vilikuwa wazi. Hapo injini ikaanza kufa, Kulwa akarukia usukani, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari likapiga mshindo ambao hata mimi niliinama.

Ng'ombe wakaondoka wote, mmoja na turubai la wapishi limenasa kwenye pembe zake. Mimi na suti yangu ya kaunda nikawafuata, nikaanguka kwenye mihogo, Elias akapasua suruali kwenye ua, na mbele yetu ndiyo barabara kuu ya malori. Nikawageukia wenyeji. Wajomba wamekunja mikono. Baba wa binti, Mzee Lushinge, akasema taratibu, "Hao bado wenu, mzee mwenzangu. Hatujawapokea."

Nikajua ndoa ya mwanangu inakimbia kwa kwato.

Ndipo Neema, binti mwenyewe, akatokea mlango wa nyuma, miguu peku, kitenge kichwani, mashangazi wanamwita hasikii. Akazunguka kwa mbele, akapiga mluzi wa wachunga ng'ombe, yule dume wa mbele akasimama, wengine wakageuka. Akawaswaga wote mpaka uani, akatupita sisi wanaume tukiwa na vumbi na majani.

Shangazi mmoja akasema, "Sasa huyu atasemwaje? Kajiswagia mahari mwenyewe."

Neema akainamisha kichwa, machozi yakaanza kumtoka, nami nikaona mtoto wa watu anabebeshwa aibu ambayo ni yangu. Nikaenda nikasimama karibu naye, nikawaambia wazee kwamba kosa ni langu, nilileta ugenini gari bovu kwa kutaka sifa, na kama kuna wa kusemwa waniseme mimi. (Kulwa alikuwa nyuma ya tangi la maji.)

Mzee Lushinge akawatazama ng'ombe, akamtazama binti yake muda mrefu.

"Wameingia uani," akasema. "Na aliyewaingiza ni wa humu ndani. Wamepokelewa. Haya, zimeni hilo gari tusikie vigelegele."

Likazimwa, na siku ile halikuwaka tena. Tulirudi Mwanza kwa basi. Baadaye lilivutwa mpaka gereji, Masanja akachomoa nyaya, akakuta mmoja umechanika upande wa chini, ule ambao aliuchomeka mwenyewe alipobadilisha plagi, na sikumpa hata ahsante.

Mpaka leo kwenye sherehe kuna watu wanamtania Neema kwamba alijiswagia mahari. Yeye hucheka. Mimi siwezi kucheka, ila nimeapa: gari likikohoa hata mara moja, linalala gereji, hata kama anayenisubiri ni mkwe.