Miaka mitatu nikimsomea mdogo wangu mapito ya sayari

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine hamjambo. Ninayoandika yametokea kwetu. Ningekuwa na kipaji cha kutunga, ningewatungia yenye mwisho mwingine.

Naanza na jambo nililolikana miaka mingi: nilikuwa nasoma nyota za Kihindi. Siyo zile za gazetini. Zile zenye hesabu.

Nilikana kanisani, nikakana ofisini. Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari moja hapa Kasulu, mwenye digrii na miwani. Mwenzangu akikuta chati kwenye laptop yangu, nilisema naandaa somo la mfumo wa jua. Siku moja akaniuliza mbona mfumo huo umeandikwa jina la mdogo wangu.

Nilifundishwa na mama mmoja wa Kihindi aliyenipangisha chumba Dar nilipokuwa chuo. Kwa kifupi, unachorewa ramani ya anga ya saa uliyozaliwa. Ramani hiyo haibadiliki. Ila sayari zinaendelea kutembea, na kila moja inapoingia nyumba mpya, yaani moja ya sehemu kumi na mbili za anga, kuhesabu kutoka pale mwezi ulipokuwa ulipozaliwa, hiyo ndiyo transit. Msomaji anakwambia maana yake. Wajuzi wa humu mtanisahihisha.

Sasa kisa.

Mdogo wangu Yohana aliondoka kwetu Murungu, Kibondo, mwaka 2012, kwenda machimbo ya dhahabu Msumbiji. Alimwacha mama, mke wake Velina, na shamba la mihogo. Alipiga simu akiwa njiani, akapiga alipofika, kisha namba ikawa haipatikani.

Mwanzoni tulisema huko hakuna mtandao. Mwaka mzima ulipopita, baba mdogo akasema tuweke matanga. Mtu asipowekewa matanga, pale nyumbani mke wake si mke wala si mjane. Hawezi kurudi kwao, hawezi kuolewa. Anakaa.

Mama akakataa. Alisema atamlilia mwanawe siku atakapoletewa mtu aliyeliona kaburi.

Msomi nilikuwa nimeshaingia, tangu Yohana alipoondoka. Saa ya kuzaliwa ya Yohana niliijua, jambo adimu kwa watu wa kwetu. Nilikuwa msichana mkubwa tayari. Alizaliwa kengele ya misa ya kwanza inalia. Mwezi ulikuwa kwenye nyota ya Mashuke.

Alipoondoka, Mushtari, sayari ya neema, alikuwa nyumba ya tisa: safari ndefu na bahati. Nikampigia mama kumpa habari hiyo. Mwaka 2013 akaingia ya kumi, ya kazi. Nikasema amepata kazi ya maana, ndiyo maana yuko kimya. Katikati ya 2014 akaingia ya kumi na moja, nyumba ya mapato, na hapo Mushtari huwa na nguvu kuliko mahali pote. Mama akauliza mapato kiasi gani. Nikamjibu kwa upole wa kitaalamu kwamba sayari hazitaji kiasi.

Tena Zohali, ambaye Wahindi humwita Shani na kumwogopa sana, mwisho wa mwaka huo alikuwa anamaliza miaka saba na nusu ya kumkandamiza Yohana. Akitoka huyu, nilisema, njia inafunguka.

Basi mama, mtu wa rozari, akawa ananipigia yeye.

"Yule mzee ametoka?"

Bado, mama.

"Ego, sawa. Mwambie ajikaze, mihogo ya mwenzake inaoza."

Baba mdogo aliniita mganga wa digrii. Alisema waganga wa kawaida angalau wanakula kuku wako na kuondoka. Nilicheka naye. Nilikuwa na hakika.

Zohali akatoka. Krismasi ikaja, ikapita.

Nilikuwa nyumbani likizo hiyo. Nilimkuta Velina nyuma ya nyumba anamenya mihogo, amekonda. Kulikuwa na fundi cherehani wa Makere aliyekuwa anatuma watu kumuulizia, na kila mara, kwa sababu ya mimi na sayari zangu, walijibiwa wasubiri. Hakunilaumu. Aliuliza tu, bila kuinua kichwa:

"Wifi, hivi mtu akifa, hizo nyota zinaacha kumpitia?"

Nikaanza kumweleza habari za nyumba ya pili na ya saba, ambazo husemwa ndizo za kifo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Sijauliza hivyo. Nauliza kama zinaacha."

Haziachi, wakuu. Weka tarehe ya babu wa babu yako, utaambiwa mwaka huu anapandishwa cheo. Ramani haijui kama mwenyewe yupo. Nililijua hilo tangu Dar, na sikuwahi kulifikiria hata siku moja.

Nilimjibu kwamba nitaangalia.

Funzo naliweka hapa, maana mbele sitakuwa na la kuongeza. Sisemi nyota ni uongo. Sijui, na wenye ujuzi wabishane hapo chini. Nasema ukimsomea mtu unayempenda, husomi. Unaomba, ila kwa hesabu. Na mliowahi kumngoja mtu, naomba mniambie ninyi mlishikilia nini. Kubezwa nimeshazoea.

Simu ilikuja kiangazi cha 2015, nikiwa nasahihisha mitihani. Namba ngeni, sauti ya kijana mwenye lafudhi ya kwetu. Aliuliza kama mimi ndiye dada yake Yohana, yule mwalimu. Alikuwa amerudi kwao Nyakitonto, na alinitafuta shule kwa shule, kwa kuwa Yohana alizoea kumtaja dada anayefundisha Kasulu.

Shimo lilibomoka, alisema. Mvua za kwanza, mwaka ule ule waliofika. Simu yake ilibaki chini, na namba za nyumbani hakuna aliyekuwa nazo.

Nikamuuliza kama ana uhakika ni yeye.

"Ni mimi niliyemwosha, dada."

Nikamuuliza, hata sijui kwa nini, walimlaza kaburini ameelekea wapi.



"Dada, hatukuangalia. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulitaka tu maji yasimfikie."